Gramu 918 Mlimani: Nilivyojifunza Kuchagua Darubini ya Bunduki

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Mpwapwa, ulioanza kwa "Mbukwenyi kaka" na kuishia na picha ya darubini ya bunduki yenye lenzi ya mbele ya milimita 56, inayokuza mara 5 hadi 25. Alitaka kujua kama inaifaa bunduki yake inayotumia risasi za aina ya .30-06, kwa kuwa msimu ujao anatarajia kupata kibali na kuwinda kwenye vilima, na nusu ya bei amekwisha kuiweka akiba. Nilitamani kumjibu kwa neno moja tu, "Usinunue," lakini nikakumbuka kwamba neno hilohilo niliwahi kuambiwa mimi, na sikulisikia.

Mimi naishi Dodoma na kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kuongoza wageni kwenye vitalu vya uwindaji vilivyo magharibi mwa Manyoni. Nayaandika haya kama mtu aliyelipa ada ya ujinga wake, na ambaye bado inamuuma.

Miaka sita iliyopita niliuza pikipiki, nikaongeza akiba ya miezi minane, nikanunua darubini inayofanana sana na hiyo ya kwenye picha. Nilikuwa nimetazama video nyingi za watu waliolala kifudifudi wakigonga mabamba ya chuma umbali wa mita 1,000, nami nikaamini kwamba kinachonitenganisha nao ni kioo tu. Muuzaji, ambaye nadhani hajawahi kupanda hata kichuguu akiwa na bunduki begani, alinihakikishia kwamba darubini kubwa ndiyo darubini ya mwanamume. Nilipoifikisha nyumbani niliiweka kwenye mzani ambao mke wangu hupimia unga wa keki. Mzani ukasoma gramu 918, na vikuku vya kuifungia vikaongeza gramu 214. Bunduki yangu ikiwa tupu ina kilo 3.1. Nilikuwa nimeitwika theluthi nzima ya uzito wake, tena juu ya mgongo wake, na nilichofanya ni kutabasamu na kuirudisha kwenye boksi ili watoto wasiichezee.

Mzee wa Kigogo aliyekuwa mfuata nyayo wetu, ambaye sote tulimwita Babu, aliipokea bunduki ile siku ya kwanza, akaipima kwa mkono mmoja, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii ni bunduki au mchi?" Vijana wote walicheka, nami nikacheka kwa adabu huku moyoni nimekasirika.

Msimu ule nilikuwa na kibali changu mwenyewe cha tandala mkubwa dume. Tuliondoka kambini saa kumi na moja alfajiri, mimi, Babu na askari wa wanyamapori, tukaanza kupanda mlima wa mawe ambao nilikuwa nimeshaupanda mara nyingi bila kuona shida. Safari hii bunduki haikutulia begani hata kidogo. Kwa kuwa uzito ulikuwa juu, kila nilipoinama ilipinduka, mkanda ukateleza hadi kwenye kiwiko, nami nikairudisha kwa kuisukuma dhidi ya begi la mgongoni. Niliirudisha hivyo labda mara thelathini. Darubini ile ilikuwa na kifundo kirefu cha kurekebishia shabaha kilichokaa wazi, bila kifuniko na bila kufuli, na kila niliposukuma, kitambaa cha begi kilikuwa kikikisugua.

Saa tatu asubuhi dume alisimama ng'ambo ya korongo, ubavu wote wazi, pembe zake zikiwa zimezunguka mara mbili na nusu, umbali wa mita 280 kwa kipima umbali. Nililala vizuri, nikaegemeza bunduki kwenye begi, nikavuta pumzi, nikafyatua. Nilisikia risasi ikimpata, lakini mlio wake haukuwa ule unaoujua. Babu aliyekuwa na darubini ya mkononi alisema kwa sauti ya chini, "Umempiga mguu."

Tulimfuata hadi saa kumi jioni. Kwa muda wa saa saba mnyama yule alitembea kwa miguu mitatu juu ya mawe, katika jua la Septemba, na Babu ndiye aliyemkuta amelala chini ya mti wa mtundu akihema. Risasi ya pili niliipiga kwa umbali wa hatua ishirini, na darubini yangu tukufu, hata ikiwa kwenye ukuzaji wake wa chini kabisa, ilinionyesha manyoya matupu. Jioni tukiwa kambini ndipo nilipokitazama kile kifundo. Sifuri haikuwa mbele ya alama yake, bali ilikuwa imesogea hatua nane kuelekea chini. Kila hatua ya kifundo kile huhamisha risasi sentimita 1 kwa kila mita 100, hivyo hatua nane kwa mita 280 ni sentimita 22 na ushee. Hiyo ndiyo tofauti kati ya moyo na mguu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, jambo la kwanza ninalotazama sasa ni kifundo, kabla hata ya kuuliza darubini inakuza mara ngapi. Kiwe na kifuniko cha kufunga kwa kuzungusha au kiwe na kufuli ambayo ni lazima uibonyeze ndipo kizunguke. Bunduki ya mlimani hupita kwenye miiba, hulalia mawe, husukumwa kwenye begi na hulazwa nyuma ya gari, na kifundo kilicho wazi kitazunguka tu, hata kama siyo leo. Kabla ya kupiga, kitazame. Mimi hukitazama kila ninapoketi kupumzika.

Jambo la pili ni lenzi kubwa, na hapa nina neno ambalo wauzaji hawatalipenda. Lenzi ya milimita 56 ilipata umaarufu huko Ujerumani na Austria, ambako watu huketi juu ya vibanda vya miti wakimsubiri nguruwe mwitu kwa mwanga wa mwezi, na utusitusi wa jioni huchukua muda mrefu. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Jua la Dodoma likishazama, ndani ya dakika ishirini na chache kiza kimeshika nchi, na kuwinda usiku bila idhini maalumu kwetu ni kosa kisheria. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwanga unaofika jichoni. Lenzi ya milimita 40 kwa ukuzaji wa mara 8 inakupa milimita 5, na mboni ya mtu mzima mwenye umri wangu haifunguki kupita hapo kwa kiasi cha kujivunia. Kinacholeta mwanga zaidi kuliko ukubwa wa kioo ni mpako wa lenzi, ule wa kuzuia kioo kisirudishe mwanga, uliobuniwa katika kampuni ya Zeiss huko Ujerumani mwaka 1935. Kioo kidogo chenye mpako mzuri kinakishinda kikubwa chenye mpako hafifu. Lenzi kubwa pia hulazimisha vikuku virefu, shavu likaacha kugusa kitako cha bunduki, nawe ukabaki unalenga huku shingo inaelea.

Kuhusu ukuzaji sina maneno mengi. Kuanzia saa nne asubuhi katika kiangazi cha kwetu ardhi huchemka, na ukiweka ukuzaji wa mara 20 unachokiona ni mazigazi yanayocheza, wala siyo mnyama. Darubini ya mara 3 hadi 10 au mara 4 hadi 12 inatosha hadi mita 400, na mwindaji mwenye heshima na mnyama hana sababu ya kupita hapo. Yule anayesisitiza kuwa na ukuzaji mkubwa, zipo nyepesi zenye uwezo huo: Swarovski ya Z5 ya 3.5-18x44 (inakuza mara 3.5 hadi 18, lenzi ya milimita 44), kwa mfano, ina takriban gramu 450, ingawa bei yake itakufanya uuze zaidi ya pikipiki.

Gurudumu la pembeni la kurekebisha paralaksi, yaani alama ya kulenga kuonekana imehama juu ya shabaha pale jicho linapohama, ni gramu nyingine ambazo wengi huzibeba bila kujua ni za nini. Darubini nyingi za kuwindia hutoka kiwandani zikiwa zimerekebishwa kwa yadi 100 au 150. Kwa ile ya yadi 150 yenye lenzi ya milimita 40, hata jicho lako likikaa pembeni kabisa, kosa kwa mita 300 halizidi sentimita 2.5. Ukiweka jicho katikati kosa lenyewe linatoweka.

Lakini wepesi nao una deni lake, na nisipolisema nitakuwa sina tofauti na yule muuzaji. Bunduki nyepesi hupiga teke. Hakikisha kwamba kati ya jicho na kioo cha nyuma kuna walau sentimita 9, na uipime ukiwa umelala juu ya mteremko, maana ukielekeza mtutu juu kichwa hujongea mbele chenyewe. Kovu lililo juu ya nyusi yangu ya kulia ni la darubini ya pili niliyoinunua, ambayo ilikuwa nyepesi, nzuri, na fupi mno kwa upande huo. Mke wangu aliliosha jeraha kwa maji ya chumvi bila kusema lolote, nami nilielewa alichokuwa hakisemi.

Ya sasa ni ya mara 4 hadi 12, lenzi ya milimita 40, bomba la milimita 25.4, na mzani uleule wa keki uliniambia gramu 392, pamoja na vikuku vya alumini vya gramu 98. Kabla ya kuiamini niliijaribu kwenye uwanja wa shabaha kwa mraba: nikapiga, nikapandisha hatua ishirini nikapiga, nikaenda kulia ishirini, nikashuka ishirini, nikarudi kushoto ishirini, na risasi ya mwisho ikaangukia kwenye tundu la kwanza. Ile ya gramu 918 sikuwahi kuijaribu hivyo, kwa sababu niliamini kwamba bei ilikuwa imenijaribia.

Mwaka jana mwezi wa nane, kwenye mteremko mkali wa takriban nyuzi 30, nilimpata dume wa tandala kwa risasi moja, mita 310 kwa kipima umbali. Kwenye mteremko kama huo risasi haishuki kwa kipimo cha umbali wa macho bali kwa ule wa mlalo, kama ardhi ingekuwa tambarare, yaani umbali wa macho uuzidishe kwa 0.87, hivyo nililenga kama aliye mita 270. Hakupiga hatua kumi. Babu, ambaye siku hizi miguu imemkataa na hubaki kambini, aliishika bunduki jioni ile, akaipima kwa mkono mmoja kama kawaida yake, kisha akanirudishia na kuagiza chai.

Kijana wangu wa Mpwapwa nimemjibu hivi: achukue pakiti ya sukari ya kilo moja, ambayo bado ni pungufu ya darubini ile pamoja na vikuku vyake, aifunge kwenye mkanda begani upande mmoja, aipandishe milima ya Kiboriani asubuhi moja kabla ya chai, kisha aniandikie tena.