Msipande matumbawe kaskazi!

Ndugu yangu, nimesoma kwamba kikundi chenu cha Jambiani, Zanzibar, kinaanza kupanda matumbawe mwezi wa pili, na unauliza mpande aina gani, mfungie nini na kibali mkaombe wapi. Acheni kwanza. Msipande kaskazi, msimu huu wa joto wa Disemba hadi Machi!

Sisi tulipanda kaskazi. Mtaalamu aliyetuletea mradi alisema maji yametulia, chini kunaonekana, wageni wamejaa, basi ndiyo wakati wenyewe. Wavuvi wazee walimwambia mwezi wa tatu mwambani maji huwa moto, na bamvua lake, yaani maji makuu ya mwezi, hukupwa hadi matumbawe yakabaki juani. Hakuwasikiliza, na sisi tukamfuata yeye kwa kuwa ndiye mwenye fedha. Tena alituchagulia matumbawe ya matawi peke yake, yale yanayokua upesi lakini ndiyo ya mwanzo kufa kwa joto.

Basi vipande tulivyopanda vikageuka zambarau na pinki ya kung'aa. Yule bwana akapiga picha akawapelekea wafadhili, eti vinashamiri. Vilikuwa vinakufa! Tumbawe huishi kwa vijimwani vidogo mno vilivyomo mwilini mwake, ndivyo vinavyolilisha na kulitia rangi. Maji yakizidi hata nyuzi 1 tu juu ya joto lake la kawaida la msimu wa joto, yakakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe hulazimika kuvitoa. Vipande vyetu vikawa vyeupe pe, halafu vikaota utando wa kijani unaoteleza kidoleni, na kamba ya plastiki bado imebana kijiti kikavu. Hasira zangu hazijesha, maana yeye alikwishalipwa na kwenda zake. Wanakijiji walikuja kutuuliza sisi.

Wala si balaa la mwaka mmoja. 1998, 2016, 2024: mara zote hizo matumbawe yetu yalipauka kaskazi inapoishia na masika kuingia.

Subirini kusi ishike, maji yapoe, mwezi wa saba hivi. Mnapongoja, joto likifika ingieni mwambani mtazame tumbawe lipi limepauka, na lipi ubavuni mwake limebaki na rangi yake. Hilo litieni alama, likipita salama, mbegu, yaani vipande vya kupanda, ikatwe kwake. Na zungumzeni na wavuvi wamwache samaki pono, kwani yeye ndiye anayekwangua mwani unaoziba mwamba.

Na huyo anayewaharakisha muanze mwezi wa pili, muulizeni mwezi wa nne atakuwa wapi.