Umeshabadili kazi mara sita? Kabla ya ya saba, pitia hapa

Mleta mada ana miaka 47. Ameuza vocha za kukwangua, akawa wakala wa pesa, akaendesha bodaboda, akakaanga chipsi, akafuga kuku wa nyama, akalima matikiti. Sasa anauliza aanze nini tena, maana "hakuna kazi inayolipa mjini". Mkuu, hizo zote zinalipa. Ila kila moja ina mdomo wake unaokula kimya kimya, na wewe umekuwa ukihama siku mbili kabla ya kuuona. Hebu turudi nyuma tuone uliliwa wapi.

Kuku ndio wamezika wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Vifaranga 300 hadi kufika sokoni wiki ya tano au ya sita, kila mmoja anakula kilo 3 mpaka 4. Hiyo ni tani moja na ushee, mifuko 20 na kitu ya kilo 50. Hesabu hiyo kila mtu huipiga. Asichokipigia hesabu mtu ni siku ya 36. Mnunuzi kasema "nakuja Jumamosi", hakutokea. Kuku wa umri huo anakula gramu 150 na zaidi kwa siku, kwa hiyo 300 wanakaribia kumaliza mfuko mzima kila kukicha, na kila kilo ya nyama wanayoongeza inakula chakula kingi kuliko ile ya mwanzo. Jumamosi mbili za ahadi, faida yote imeshashuka tumboni mwa kuku. Mnunuzi hutafutwa wiki ya tatu, wakati kuku bado hawajakushika shati, na wakubwa huanza kupunguzwa mapema, hata kumi kumi kwa mama lishe.

Halafu kuna vifo vinavyosingiziwa jicho la jirani. Wiki ya kwanza banda linataka nyuzi joto 32 hadi 35, kisha unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Kipimajoto kizuri, ila vifaranga wenyewe husema zaidi. Wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni na kuachama midomo wanaungua, wakitawanyika kote wakila na kunywa uko sawa. Anayetumia jiko la mkaa aache upenyo juu ya ukuta. Hewa ya mkaa haina kelele, asubuhi unakuta wamelala jumla.

Chanjo nazo: kwa kawaida kideri siku ya 7, Gumboro (ugonjwa unaoua kinga ya vifaranga) ya 14, kideri tena ya 21, isipokuwa daktari wa mifugo wa eneo lako amepanga vingine. Wengi huchanja kwa maji ya bomba yenye klorini. Klorini inaua chanjo, kwa hiyo kuku wamekunywa maji tu na wewe umelipia dawa. Tumia maji safi ya kisima au ya mvua, tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita. Wanyime maji kama saa moja na nusu kwanza, ili ile ya chanjo waimalize ndani ya saa mbili.

Kwenye chipsi ulidhani unauza viazi, kumbe unauza mafuta. Gunia la kilo 100 ukilimenya, kilo 20 hivi zinakwenda na maganda. Zilizobaki ni maji kwa sehemu kubwa, zikipita kwenye karai zinapungua tena karibu nusu. Mkononi unabaki na kama kilo 40, wakati bei uliipanga kwa gunia zima. Mafuta yakiwa hayajapata moto sawasawa, chipsi zinayanywa. Viazi vikiingia na maji, mafuta yanatoa povu na kuchoka haraka, kwa hiyo vikishakatwa vioshe wanga utoke, uvichuje vikauke. Chumvi iishie kwenye sahani, kwa karai ni sumu ya mafuta. Mpishi mzoefu hukaanga mara mbili: kwanza moto wa wastani mpaka ziive bila kubadilika rangi, kisha moto mkali dakika mbili tatu mteja akishafika. Na kila usiku mafuta yachujwe, maana punje zilizoungua ndizo zinazoyafanya meusi kesho yake.

Bodaboda ni oili na cheni. Ukipiga kilomita 120 kwa siku, siku ya 17 umepita 2,000, oili inataka kubadilishwa. Wewe ulisubiri mwisho wa mwezi, pistoni na ringi zikalipa. Cheni iache ichezecheze sentimita 2 hadi 3. Ukiikaza kama gitaa unaua beringi. Na ikiisha, badilisha pamoja na sproketi zote mbili, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka haimalizi safari nyingi.

Uwakala sina mengi. M-Pesa ilipoingia Tanzania 2008, wauza vocha wengi walijikuta mawakala bila kuomba kazi. Kinachowamaliza ni kutoa pesa kwa kusoma meseji badala ya kuangalia salio la floti, yaani pesa iliyo kwenye laini yako ya uwakala. Meseji hata mtoto anaandika.

Matikiti sasa. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukipanda mita 2 kwa 1 unapata mashina 2,000. Kila shina matunda mawili, kila tunda shilingi 2,000: milioni nane! Shida ni kwamba kalkuleta haina nyuki. Ua jike hufunguka asubuhi, siku moja tu, na wewe asubuhi hiyo hiyo ulikuwa shambani na bomba la dawa, nyuki wa kulichavusha wakakosekana. Ndiyo maana yalitoka yamepinda kama kibuyu. Dawa hupigwa jioni.

Kwa hiyo jibu la swali lako: ya saba usianze. Una pikipiki, unawajua wauza chipsi wa mtaa mzima, na wote wanahitaji kuku kila wiki. Tenga vyumba viwili vya mita za mraba 10, kila kimoja kuku 100, mifuko 7 ya chakula kwa kundi. Ingiza kundi jipya kila baada ya wiki nne, kwa kupokezana. Kuku wakitoka, ondoa maranda yote, osha, pulizia dawa, acha chumba kikae kitupu wiki mbili. Rika mbili usizichanganye chumba kimoja hata kama nafasi ipo. Matikiti utanunua sokoni: chagua lenye tumbo la njano, na kile kikamba kilicho karibu na kikonyo kiwe kimekauka.