Jina la zamani linaleta makuruti?

Mkuu, umeuliza kama kufufua rejimenti ya kale kunaongeza askari wa akiba. Kwa kiasi fulani, ndiyo. Jina linamfikisha kijana getini. Kubaki ni habari nyingine.

Chukua London. London Regiment, rejimenti ya askari wa akiba wa Uingereza, iliundwa 1908, ikavunjwa 1938, ikafufuliwa 1993, halafu 2022 ikageuzwa kuwa London Guards na kuunganishwa na wale walinzi wa Mfalme wenye kofia ndefu za manyoya ya dubu. Hapo mvuto upo, nani asiyezijua zile kofia? Lakini ndani ya London Regiment walikuwamo London Irish, kikosi cha Waayalandi wa London, ambao mwaka 1915 kwenye vita vya Loos, Ufaransa, walitoka mahandakini wakiupiga mpira wa miguu mbele yao (mpira wenyewe umehifadhiwa hadi leo). Historia kama hiyo ukiifunika na jina jipya, wazee wa kikosi wananuna, na mara nyingi wao ndio wanaoleta wapwa zao.

Tena askari wa akiba huko Uingereza anadaiwa kama siku 27 za mafunzo kwa mwaka. Bosi akikunja uso kila Ijumaa akiona begi la mgongoni, kofia ya dubu haisaidii kitu. Mimi ningeanza na waajiri.