Kabla Posti Haijasambaa, Kitabu Kiwe Tayari Kuuzwa

"Kitabu changu kipya kimetoka, karibuni mnunue." Posti ya namna hii huvuna hongera nyingi, na hongera hazilipi deni la mchapaji. Ndugu na marafiki wameipenda kwa sababu wanakupenda wewe. Mtu asiyekujua hana la kufanya nayo: haikumgusa, haikumwachia swali, wala haikumkumbusha mtu wa kumtumia. Na posti husambaa hasa pale mtu anapomtumia mwenzake. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwandishi anayejichapishia ni hili: nani atatumiwa posti hii, na nani, kwa sababu gani? "Mtu atamtumia dada yake aliyeolewa mbali na kwao" ni jibu zuri. "Wapenda vitabu wote" si jibu.

Vipo visa vitatu vya ng'ambo vinavyostahili kuchunguzwa. Desemba 2022, Chelsea Banning wa Ohio, aliyejichapishia riwaya yake ya kwanza, aliandika Twitter kwamba watu 37 walithibitisha kuja kwenye hafla yake ya kusaini vitabu, wakafika wawili. Waandishi mashuhuri Stephen King na Margaret Atwood wakajibu kwa kusimulia yaliyowapata wao, na kitabu kikapanda chati za Amazon. Februari 2023, binti wa Lloyd Devereux Richards aliweka TikTok video ya sekunde 16 ikimwonyesha baba yake akiwa mezani, na maneno kwamba mzee alitumia miaka 14 kuandika riwaya yake na haiuziki vizuri. Riwaya hiyo, iliyokuwa sokoni tangu 2012, ikafika namba moja Amazon. Mei mwaka huohuo, msomaji mmoja wa Twitter mwenye jina la kubuni aliwasihi watu wasome riwaya fupi ya Amal El-Mohtar na Max Gladstone bila hata kutafuta habari zake, akawahakikishia kuwa ni kama kurasa 200 tu. Kitabu hicho cha mwaka 2019 kikaingia kumi bora za Amazon.

Hakuna tangazo hata moja hapo. Kuna mtu, kuna jambo la kweli, na kuna tarakimu inayokaa kichwani: 37 na wawili, miaka 14, kurasa 200. Katika visa viwili kati ya vitatu aliyesema si mwandishi mwenyewe. Lakini kuna jambo la nne ambalo wengi huku kwetu wanalipita: kila aliyeguswa aliweza kulipia kitabu dakika hiyohiyo, bila kumuuliza mtu. Mwandishi wa Dodoma au Kisumu anayeuza kwa simu hana kitufe hicho. Njia ya malipo na ya kufikisha kitabu lazima aitengeneze mwenyewe, na aitengeneze kabla ya kuposti.

Anza na njia ya kununua

"Bei njoo inboksi" inaua mauzo kuliko kitu kingine chochote. Msomaji ameona kipande chako saa nne usiku akiwa kitandani, hamu imempanda. Anauliza bei, anasubiri. Anauliza unapatikana wapi, anasubiri. Kufika asubuhi ana mambo mengine. Weka hadharani mambo manne: bei, namba ya malipo pamoja na jina litakalotokea, jinsi kitabu kinavyofika mikoani na gharama yake, na siku unazotuma mizigo. Mtu wa Songea akijua kwamba mizigo inatoka Dar es Salaam Jumanne na Ijumaa, hana haja ya kukupigia.

Jina litakalotokea lina uzito mkubwa. Watu wametapeliwa sana mitandaoni, na mtu akiona jina lisilofanana na lililo kwenye jalada anasitisha malipo. Kama unaandika kwa jina la kalamu, liseme wazi: "Jina litatokea hivi." Lipa Namba kwa Tanzania, au Till ya M-Pesa kwa Kenya, ni bora kuliko namba yako binafsi, kwa kuwa hela za kitabu hazichanganyiki na za nyumbani na hesabu inaonekana.

Kisha kiungo cha WhatsApp. Huandikwa wa.me/ ikifuatiwa na msimbo wa nchi na namba bila sifuri ya mwanzo: 0712 inakuwa 255712, na kwa Kenya 254. Ukiibakiza sifuri au ukiweka alama ya kujumlisha, kiungo kinaweza kushindwa kumfikisha mtu kwako. Kijaribu kwa simu ya mtu mwingine. Kwenye WhatsApp Business andaa majibu ya haraka, yanayoitwa kwa alama ya mkwaju (/): /bei, /malipo, /usafiri. Yaandike kwa lugha unayomsemesha mteja wako, "Habari, karibu sana, nakala ni shilingi...", maana jibu kavu la mashine linafukuza watu.

Namba hiyo iandike pia juu ya picha yenyewe. Picha ikitoka Instagram kwenda WhatsApp, kapsheni haiifuati. Mtu wa tatu anayeipokea anaona maneno matamu tu, hajui ni ya kitabu gani wala cha nani. Jina la kitabu, jina lako na namba viwe chini ya kila picha kwa herufi ndogo zinazosomeka. Hapa ndipo posti nyingi zilizosambaa zilipowaacha waandishi wao mikono mitupu.

Upande wa nakala, fanya hesabu kabla ya bei. Tuseme uchapaji ni shilingi 6,500 kwa nakala, bahasha 500, bodaboda hadi stendi 1,000 kwa kila kifurushi. Ukiuza 15,000 unabaki na 7,000, na hapo bado hujatoa nakala za bure wala asilimia ya duka. Ukiuza 10,000 "ili watu wamudu", wimbi likija utachoka bila kupata mtaji wa kuchapa tena. Nakala 50 nyumbani zinatosha kuanzia, ilimradi unajua mchapaji wako anahitaji siku ngapi kwa nyingine 200. Zikiisha, pokea oda za awali na utaje tarehe, ukiongeza wiki moja juu ya ile aliyokuahidi mchapaji. Mitambo hubanwa na kalenda na shajara mwisho wa mwaka, na ahadi iliyovunjwa husambaa haraka kuliko kitabu.

Kipande kinachobebwa

Kwa kipande cha kuposti, usichukue ukurasa wa kwanza wa riwaya. Tafuta mahali ambapo mhusika anabanwa achague, au siri inakaribia kufichuka. Kata maneno 120 hadi 180, wahusika wasizidi wawili, na kila "yeye" inayoweza kuchanganya ibadilishe iwe jina. Simamisha sentensi moja kabla ya jibu. Wengi hukosea kwa kukata mapema mno, msomaji hajapata hata cha kujali, au kwa kutanguliza maelezo marefu ya nani ni nani. Kama kipande kinahitaji maelezo, hicho sicho.

Wasomaji wa Kiswahili wamelelewa na hadithi za mfululizo, za magazetini na sasa za Facebook, na neno "itaendelea" wanalijua tangu utotoni. Ni bahati kubwa, na ni mtego. Mwandishi anaweka sehemu ya 1, ya 2, ya 9, anapata komenti mia za "endelea," na siku kitabu kinatoka kila mtu ameshakisoma. Kwa riwaya ya kurasa 200, vipande vitatu au vinne visivyozidi kurasa 10 kwa jumla vinatosha. Kila "endelea" ijibiwe kwa adabu na kwa bei: "Iliyobaki imo kitabuni, dada, nakala ni 15,000, namba hii hapa."

Kwa vitabu vya maarifa mambo hubadilika. Toa kitu kimoja kizima kinachofanya kazi. Kitabu cha ufugaji wa kuku kitoe ratiba nzima ya chanjo ya kideri na gumboro kwa wiki nne za kwanza. Cha biashara kitoe ukurasa mmoja wa hesabu za kibanda cha chipsi. Watu huhifadhi vitu kama hivi na kuvirudia, na kila wakivirudia wanaona jina lako. Mwandishi anayeficha kila kitu kwa kuogopa kuibiwa anabaki hajulikani.

Umbo la picha: upana pikseli 1080 na urefu 1350 kwa Instagram, picha sita au saba, maneno 30 hadi 40 kila moja, herufi nyeusi juu ya rangi ya maziwa. Picha ya kwanza iwe na sentensi moja tu, ikiwezekana ya mazungumzo, isiyozidi maneno 12. Ya mwisho iwe na jalada, bei na namba. Kwa TikTok tumia 1080 kwa 1920 na maneno yakae katikati, kwa sababu upande wa kulia hufunikwa na vitufe na chini hufunikwa na kapsheni.

Video iwe sekunde 15 hadi 30. "Habari zenu wapendwa, natumaini mu wazima" inakula sekunde ambazo mtu anaamua kubaki au kupita. Anza na sentensi kali ya kipande chenyewe. Kaa ukitazama dirisha ili mwanga ukupige usoni, zima feni, na weka maandishi ya unachosema, maana ndani ya daladala wengi hutazama bila sauti. Faili likiwa zito, mwenye bando dogo halifungui. Muziki acha: akaunti za biashara za TikTok zina maktaba yao ya nyimbo zilizoruhusiwa, na ukibandika wimbo wa Bongo Fleva nje ya hapo video inaweza kunyamazishwa. Sauti yako inatosha. Kiswahili cha mtu wa Tanga au Lamu anayesoma maandishi yake mwenyewe kina mvuto wake.

Wasomaji waseme, wewe uwasaidie

Ndani ya kila nakala weka kikaratasi kinachoomba jambo moja: "Piga picha ukurasa uliokugusa zaidi, utuambie kwa nini." Picha ya mtu ameshika jalada inamsifu aliyeshika, picha ya ukurasa uliopigiwa mstari inamfanya mwingine asome. Omba ruhusa kabla ya kuirusha. Pia toa nakala kumi mapema kwa watu walio karibu na mada ya kitabu: riwaya ya mauguzi wapewe wauguzi, ya bandarini wapewe wafanyakazi wa bandari. Ukurasa wa udaku wenye wafuasi laki tano utakuletea vicheko. Ukitaka kulipia mtu akutangaze, mwombe kwanza picha za takwimu zake zikionyesha wafuasi wake wapo miji gani. Na usinunue wafuasi kabisa: mtandao huanza kuionyesha posti kwa watu wachache, na hao wakiwa akaunti mfu, posti inafia hapo.

Kuhusu X, uliokuwa ukiitwa Twitter, Tanzania iliuzuia Mei 2025, hivyo kuutegemea kwa mauzo ya ndani ni kujinyima wasomaji. Nguvu nyingi ziende WhatsApp. Kundi linabeba hadi watu 1,024, lakini ukimwaga tangazo bila kumwomba msimamizi utatolewa. Omba uweke kipande, kisha kaa ujibu maswali. Stetasi hudumu saa 24, kwa hiyo kipande kilekile kinaweza kurudi wiki ijayo na sentensi nyingine mbele. PDF nzima isiingie kwenye kundi lolote. Anayenunua nakala ya simu atumiwe faili lenye jina lake na namba yake chini ya kila ukurasa. Si kinga kamili, ila wengi husita kuisambaza.

Usiku wa wimbi

Komenti zikianza kuingia kuliko unavyoweza kujibu, acha kujibu moja moja. Bandika juu komenti yenye bei, namba na jina la malipo, ukitaja kuwa namba ni hiyo pekee, kwa sababu matapeli hufungua akaunti zenye picha yako usiku huohuo. Mwombe mtu akusaidie: mmoja ajibu, mwingine ahakiki malipo. Kuhakiki maana yake ni kuangalia salio na taarifa za muamala kwenye akaunti yako. Ujumbe wa malipo anaokuonyesha mteja unaweza kughushiwa. Daftari liwe na safu za jina, simu, mji, kiasi, namba ya muamala, basi na tarehe. Juu ya kifurushi andika simu ya mpokeaji na yako, halafu mtumie mteja picha ya risiti ya basi kabla hujaondoka stendi.

Ndani ya saa 24 weka posti ya pili, iliyoandaliwa tangu mwanzo. "Asanteni kwa mapokezi" haimpi mgeni kitu. Jibu swali lililoulizwa zaidi, au weka kipande cha mhusika wa upande wa pili.

Na kila aliyenunua, mwombe aihifadhi namba yako kwenye simu yake. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inabeba watu 256, na ujumbe humfikia tu yule aliyeihifadhi namba yako. Ombi hilo liweke kwenye ujumbe uleule wa picha ya risiti, wakati bado anasubiri kitabu chake na anaufungua kila ujumbe unaotoka kwako.