Usiivute hiyo DT kwa kamba!

Mkuu, acha kwanza. Kama kamba imeshafungwa nyuma ya hiyo Noah, kaifungue ndipo urudi usome.

Umesema pikipiki yako, Yamaha DT 125 uliyoinunua mnadani, imetoka kufanyiwa ovahoo: pistoni mpya, ringi mpya, konrodi mpya (mkono unaoshika pistoni), beringi mpya za kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Sasa kiki haishuki mpaka uisimamie kwa uzito wote, na fundi anakwambia ni upya tu, ivutwe mpaka iwake, "itajilainisha yenyewe barabarani". Halafu ukauliza uchanganye oili kiasi gani, ufunge plagi ipi, na siku za mwanzo utembee nayo vipi. Hilo neno la kujilainisha nami niliambiwa, na mtu niliyekuwa nimemlipa pesa yake yote, na ndilo lililoua injini ya DT yangu.

Shika hili moja: injini ya pikipiki isiyokubali kuzungushwa kwa mkono, usiizungushe kwa gari, wala kwa mteremko, wala kwa vijana wa kijiweni wakusukumie.

Ni kweli injini yenye ringi mpya huwa na kiki nzito. Ila huo ni mgandamizo wa hewa, na hewa ina pa kutokea. Toa plagi, weka nyutro, fungua kava la kushoto, kamata magneti (gurudumu la kuzalisha umeme lililo kwenye ncha ya kranki) kwa kiganja uzungushe. Kama ulikuwa mgandamizo, itazunguka laini na utasikia pumzi tu ikitoka kwenye tundu la plagi. Kama bado ngumu, basi kuna chuma kinabana chuma, na hakuna barabara itakayokilainisha. Barabara itakisaga.

DT ni tustroki (injini inayochoma petroli pamoja na oili) ya silinda moja, pistoni ya milimita 56. Haina valvu za kwenye hedi (kifuniko cha juu cha silinda), haina kemu, haina cheni ya taimingi. Vitu vinavyoweza kuibana ni vichache, na cha kwanza kwenye orodha ni kile ambacho mafundi wengi hawataki kukisikia: namna kranki ilivyoingizwa.

Mimi nilikuwepo yangu ikifungwa. Kranki ilisimamishwa juu ya nusu ya kushoto ya injini, likawekwa kipande cha bomba, ikafuata nyundo. Kila pigo kranki ilishuka kidogo na kutoa mlio mkavu, mpaka ikakaa. Nusu ya pili nayo ikavutwa kwa boliti zake zenyewe mpaka zikakutana. Ukiangalia kwa nje, kazi nzuri kabisa. Lakini kranki ya tustroki si chuma kimoja. Ni magurudumu mawili mazito yaliyogandamizwa kwenye pini moja, na konrodi iko katikati. Ukiligonga moja kwa nyundo, magurudumu yanasogeleana upande usio na pini, na kranki haizunguki tena kwenye mstari mmoja. Kosa linaloruhusiwa hapo ni kama 0.03 ya milimita, na nyundo haijui 0.03. Likizidi hapo, beringi zinakaa zimesukumwa upande, gololi zinabanwa na kingo za njia yake, na injini nzima inakuwa nzito mzunguko wote, hata silinda ikiwa haijafungwa.

Tuliivuta. Iliwaka, moshi ukajaa, watu wakapiga makofi, fundi akasema "si nilikwambia?". Haikufika mbali. Beringi ya upande wa magneti ilipata moto ikaichoma sili (mpira wa kuzuia uvujaji) iliyo jirani yake. Na kwenye tustroki sili hiyo si ya kuzuia oili isidondoke tu: chumba cha kranki ndicho kinachovuta mchanganyiko wa petroli na hewa. Sili ikifa, injini inavuta hewa ya ziada isiyopita kwenye kabureta. Petroli inakuwa pungufu kwa hewa ile, na oili inayolainisha inapungua pamoja nayo. Pistoni ikavimba kwa joto, ikanoki (ikakwama ndani ya silinda) katikati ya safari, tairi la nyuma likajifunga nikiwa juu yake. Kranki mpya ikaenda, beringi zikaenda, silinda ikarudi kuchongwa saizi inayofuata. Fundi akaniambia nimeendesha kwa pupa! Bado nina hasira naye, na si kwa sababu ya pesa. Alikuwa ameshaihisi ile kiki kwa mguu wake mwenyewe kabla hajanikabidhi.

Anayejua kazi hapigi. Anapasha moto nusu ya injini mpaka tone la maji likidondoka juu yake linachemka na kuruka. Aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma cha beringi, kwa hiyo kiti cha beringi cha milimita 50 kinafunguka kama 0.09 ya milimita, na beringi inadondoka ndani yenyewe. Kranki inavutwa kwa skrubu ya kuvutia, tena taratibu. Ndugu, hakuna mahali pa nyundo ya chuma hapo.

Sasa yako. Ikiwa plagi imetoka na bado ni ngumu, toa hedi na silinda, pistoni ibaki inaning'inia, uzungushe tena. Ikilainika, tatizo liko juu: pistoni imebana silinda iliyochongwa ndogo, au mdomo wa ringi haujakaa kwenye kipini chake ndani ya mfereji, au pistoni imegeuzwa na mshale hauelekei kwenye ekzosi. Ringi iingize peke yake ndani ya silinda, isawazishe kwa kichwa cha pistoni, upime mwanya wa midomo. Midomo ikigusana, usiifunge.

Ikibaki ngumu bila silinda, nenda kwenye boliti zinazounganisha nusu mbili. Legeza zote robo mzunguko, kidogo kidogo, huku mkono mmoja uko kwenye magneti. Ukihisi imeachia ghafla, umeshajua: kranki imekabwa kutoka ubavuni. Kuna wakati pigo jepesi la nyundo ya plastiki kwenye ncha ya kranki, nati ikiwa imefungwa kulinda uzi, linairudisha katikati na beringi zinapumua. Fanya upande mmoja, zungusha, sikiliza, kisha upande wa pili. Isipoachia, au ikiwa ngumu sehemu moja na laini sehemu nyingine, kranki imepinda. Itoke, iende kwa mtu mwenye presi (mashine ya kugandamiza) na geji ya saa ya kupimia kupinda. Kama fundi huyu alitumia nyundo, asiiguse tena.

Na ikirudi, kaa pale ikifungwa. Nusu mbili zikikutana, zungusha. Boliti zikikazwa, zungusha. Silinda ikishuka, zungusha. Klachi ikiingia, zungusha. Mahali itakapogoma ndipo kosa lilipo, na hapo linarekebishwa kwa dakika chache bila kununua kitu. Fundi akikwambia unamchelewesha, mwambie akuachie magneti uzungushe wewe.