Ratiba ya bingwa inanishinda: nijikaze, au nitafute kocha mwingine?

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 31, kilo 70, nafanya kazi benki hapa Arusha. Napata saa 7 za baiskeli kwa wiki, na nataka kumaliza vizuri mbio za kilomita 130 mwezi wa Novemba. Nimeanza na kocha aliyewahi kushinda mbio nyingi za barabarani. Yuko Dar, namlipa shilingi 120,000 kwa mwezi, na kila Jumapili hunitumia ratiba ya wiki kwa WhatsApp. Kila Jumanne ananipa vipande 4 vya dakika 8 kwa wati 270, yaani nguvu ya kukanyaga pedali. Cha tatu sijawahi kukimaliza. Nikimwambia, ananijibu nijikaze. Jaribio langu la kukanyaga kwa nguvu zote dakika 20 lilitoa wastani wa wati 240. Nimtafute kocha wa nje mwenye cheti, au mimi ndiye mzembe? – M., Arusha

JIBU: Marahaba. Uzembe haupo hapa, kuna hesabu ambayo haikufanywa. Wastani wako wa dakika 20 ukizidishwa kwa 0.95 unapata wati 228. Hicho ndicho kizingiti chako kwa makadirio, yaani nguvu unayoweza kuishikilia kwa muda unaokaribia saa moja. Wati 270 ni asilimia 118 ya 228. Kazi ya kiwango hicho hupangwa kwa vipande vya dakika 3 hadi 5, na mapumziko ya urefu huohuo katikati. Anayetaka umalize dakika 8 mara nne angekupa wati 230 hadi 240. Mpanda baiskeli ambaye 270 ingemfaa kwa zoezi hilo ana kizingiti cha wati 260 na ushee. Huyo si wewe. Nashuku ni kocha wako mwenyewe enzi zake, au mteja mwingine ambaye ratiba yake imenakiliwa na jina kubadilishwa.

Hapa ndipo ninapochoka. Watu bado wanaamini kwamba aliyeshinda ndiye anayejua kufundisha. Bingwa alianza baiskeli akiwa kijana, akapata saa 18 au 20 za mazoezi kwa wiki, akalala mchana, na mwili wake ukalivumilia zoezi ambalo lingemlaza mtu mwingine. Hakulazimika kujua kwa nini lilimfaa. Wewe unatoka benki saa kumi na moja jioni ukiwa umekaa kutwa. Ujuzi wake upo na una thamani: kukaa ndani ya kundi, kujikinga na upepo nyuma ya mwenzako, kushuka mteremko wa kona kali bila kushika breki katikati ya kona. Mlipe kwa hayo, mtoke pamoja Jumamosi moja akikutembelea. Kupanga mzigo wa mwili usioujua ni kazi nyingine.

Na hilo neno "jikaze" ndilo linalonionyesha kwamba hakufungua hata faili la safari yako. Zoezi likishindikana, sababu ziko chache na zinatofautishika. Mapigo ya moyo yakikaribia kilele tangu kipande cha kwanza, lengo liko juu mno. Mapigo yakikataa kupanda, miguu mizito na wati zinaanguka, una uchovu wa siku zilizopita na ulihitaji kupumzika. Ukianza vizuri kisha ukalegea baada ya saa moja na kichwa kikawa chepesi, hukula vya kutosha. Na kama namba zenyewe zimepanda au kushuka ghafla kuliko unavyojisikia, angalia kama mita ya nguvu, kifaa kinachopima wati, ilisawazishwa kwenye sifuri kabla ya kuondoka, hasa asubuhi ya baridi. Kocha analipwa kutambua ni ipi kati ya hizo. Anayekutumia jedwali Jumapili na kunyamaza hadi Jumapili nyingine amekuuzia jedwali, na majedwali ya aina hiyo yapo bure mtandaoni.

Kuhusu kocha wa nje: cheti kinaonyesha amesoma, basi. Chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, hufundisha makocha kwenye kituo chake cha Aigle, Uswisi, na vyama vikubwa vya kitaifa vina ngazi zao. Soma ngazi kwa makini, maana Marekani ngazi ya 3 imekuwa ndiyo ya kuanzia na ya 1 ndiyo ya juu, ilhali Uingereza hesabu imekuwa ikienda kinyume. Wajanja hulijua hilo. Jambo jingine ambalo kocha wa mbali husahau ni mwinuko. Arusha iko karibu mita 1,400, na hata mwenyeji aliyezoea hupoteza takribani asilimia 5 ya nguvu yake ya kizingiti akilinganishwa na usawa wa bahari. Jaribio la Dar lisitumike kupanga mazoezi ya Arusha. Tena Dar joto pekee linaweza kupandisha mapigo kwa 10 na zaidi kwa nguvu ileile, kwa hiyo anayekupangia kwa mapigo tu bila kuuliza uko wapi anabahatisha.

Nikiwa wewe ningempigia simu kila anayejitangaza na kumsikiliza anavyouliza kabla ya kutaja bei. Anataka kujua saa zako kwa wiki, usingizi, majeraha ya goti na mgongo, dawa unazotumia, na njia ya mbio ina milima kiasi gani? Ameomba rekodi za wiki 6 zilizopita? Kisha mwombe akuonyeshe wiki moja ya mteja, jina likiwa limefutwa, aliyoibadilisha katikati, na akueleze sababu. Akikosa hata wiki moja ya aina hiyo, achana naye. Muulize pia: nikikosa Jumanne kwa sababu ya kazi, nifanye nini? Jibu zuri ni kuiacha ipite au kuhamisha kazi hiyo Alhamisi na kupunguza kitu kingine. Anayekuambia uunganishe mazoezi mawili siku moja atakuumiza. Lipa mwezi kwa mwezi, jipe wiki 8, kisha rudia jaribio lilelile, barabara ileile.

Kwa saa zako 7, mazoezi makali mawili ya saa 1 na robo, safari ndefu moja ya saa 3 na nusu na moja nyepesi ya saa 1 yanatosha, na kila wiki ya nne mzigo unashuka. Kwenye safari ndefu jizoeze kula gramu 60 za wanga kwa saa: ndizi mbivu 2 na chupa yenye vijiko 3 vya chai vya sukari vinakufikisha hapo.

Wapo wabaya kuliko wa kunakili, na wanaongezeka. Ni wale wanaoahidi "asilimia 20 ndani ya wiki 6", na ratiba ikigoma wanaleta sindano. Sindano ya madini ya chuma bila kipimo cha damu cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, ni hatari, kwa sababu chuma kikizidi mwili hauna njia rahisi ya kukitoa na ini ndilo linaloumia. Dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 imekatazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, hata kama ndani mna maji na vitamini tu, isipokuwa kwa matibabu halali ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Tramadoli, ambayo wengine huimeza ili wasisikie maumivu ya miguu, imekatazwa na WADA wakati wa mashindano tangu Januari 1, 2024. Na usidhani mbio za ridhaa zinakukinga: kinachokutwa mwilini mwako unawajibika nacho wewe, hata ukisema kocha ndiye aliyekupa. Mtu akikuletea kidonge au chupa, mtake akuandikie jina la dawa, dozi na kiwanda, kwa saini yake, ukamwonyeshe daktari. Akisitasita, usimeze.