La Notte: najibu mliyouliza

Jumamosi tulitundika shuka jeupe ukutani hapa Area D tukaangalia filamu ya La Notte kwa projekta, upepo wa Dodoma nao ukawa unalipuliza mpaka sura ya mwigizaji Marcello Mastroianni inajikunja, ila tulifika mwisho. Maswali yenu haya.

Dada wa Kisasa: mbona hakuna kinachotokea, hata ugomvi?

Ugomvi ungekuwepo si angalau wangekuwa wanaongea! Siku moja tu na usiku wake, Milan, Giovanni (ndiye Mastroianni) na mkewe Lidia wanaenda hospitali kumwona rafiki yao mahututi, halafu hafla ya kitabu cha mume, mke anachomoka kimyakimya anazurura mitaani peke yake, usiku klabu, kisha pati kwa tajiri mmoja, na muda wote huo wanapishana kama wapangaji wa nyumba moja.

Kaka wa Chang'ombe: ya lini, na rangi iko wapi?

1961, ya Michelangelo Antonioni, Muitaliano. Nyeusi na nyeupe, na mwaka huohuo ikabeba Dubu wa Dhahabu, tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Berlin.

Mama wa Majengo: mume wangu alisinzia mapema tu, ni dalili?

Mama, mtu katoka kazini, filamu masaa mawili ya Kitaliano, mwache alale. Mi mwenyewe mara ya kwanza nililala palepale walipofika klabuni.

Mwanafunzi wa UDOM: ile barua kaandika nani?

Hapo sasa. Kumeshakucha, wamekaa kwenye nyasi za gofu za yule tajiri, bendi bado inapiga, Lidia (Jeanne Moreau) anatoa karatasi kwenye pochi anasoma, maneno ya mtu aliyeamka asubuhi akamwangalia mpenzi wake amelala, matamu hatari, na Giovanni anasikiliza vizuri tu mpaka mwisho afu anauliza, nani kaandika? Wewe. Yani mwandishi mzima hajui maneno yake! Wengi mlisema kosa la Giovanni ni yule binti wa tajiri aliyemvutia kule kwenye pati (Monica Vitti), mi nabisha, binti kaja juzi tu, barua ilishasahaulika zamani.

Dada wa Kisasa tena: kwa hiyo wanaachana?

Lidia anamwambia hampendi tena, anamtaka na yeye aseme hivohivo, jamaa anakataa, anamng'ang'ania tu, kamera inajiondokea taratibu inawaacha hapohapo chini. Mi naona wanarudi nyumbani pamoja, gari si ni moja.